Kofia Namba Arobaini na Moja

Kofia ya baba ilirudi peke yake, siku ya pili, ikakaa wima juu ya mchanga kana kwamba chini yake kuna mtu aliyezikwa hadi utosini. Namba yake ilikuwa bado inasomeka, arobaini na moja, kwa rangi nyekundu aliyoipaka mwenyewe. Mama aliiokota, akaikung'uta maji, akachungulia ndani yake kama anayechungulia chungu kuona kama kimebaki kitu. Kisha akaigeukia bahari.

"Na mwenyewe?" akauliza, kwa sauti ileile anayomkabili nayo muuza mboga aliyempunja.

Mtaani kwetu Gangapeta husemwa kwamba bahari haina kabati. Huchukua kitu, hukitazama, hukirudisha. Imewahi kuturudishia ndoo, viatu visivyo na wenzake, ndama, na safari moja meno ya bandia ya hujaji kutoka Kolkata. Baba aliyafunga meno yale kwenye leso, akazunguka nayo nyumba za wageni siku nzima hadi akampata mwenyewe. Kwa hiyo siku zile za kwanza hatukulia sana. Tulisubiri.

Baba alikuwa nolia. Wanaume wa kwetu wasiokwenda kuvua huvaa kofia nyeupe ya fito, iliyochongoka kama pia iliyopinduliwa, na kuwashika mkono mahujaji wa Kihindu wanapooga baharini. Huenda hujaji hajawahi kuona maji mengi kuliko ya kisima, lakini kabla hajatoka nyumba ya wageni ataambiwa neno moja: oga palipo na kofia nyeupe. Hilo ndilo neno la usalama hapa. Kila mwenye nyumba ya wageni hulisema, na kila mwendesha riksho hulirudia.

Siku aliyopotea, vijana wawili ndugu walikuwa wameingia mlangoni. Mlango, kwetu, ni mahali ambapo maji yaliyoletwa ufukweni na mawimbi yanapata njia ya kurudi kwao. Mawimbi hayavunjiki pale. Kushoto povu, kulia povu, na katikati maji ya kijani, laini kama kitanda kilichotandikwa. Mgeni akiyaona husema, pale ndipo pazuri, pale hapana wimbi. Nilipokuwa chuoni niliwahi kuuchora mlango ule kwa wino wa buluu, na mishale yake yote, nikauleta nyumbani likizo. Baba aliutazama sana ule mchoro.

"Mzuri," akasema. "Ila umesahau kunichora mimi."

Aliwatoa wale ndugu. Aliwasukumia pembeni, kwenye mawimbi, na mawimbi yakawarudisha ufukweni wakitapika. Mmoja wao, kwa hofu, alikuwa amemkaba baba shingoni. Zaidi ya hapo hakuna aliyeona kitu.

Sasa, mtaani kwetu mwili wa nolia usiporudi, kofia yake husimikwa juu ya mwanzi palepale alipoingilia, ikae hadi siku ya kumi na moja. Husemwa kwamba aliyepotea hutokea mlango alioingilia. Asipoona alama yake, hupita. Baba zangu wadogo walingoja maji yapwe, wakachimbia mwanzi hadi nusu yake, wakaushindilia magunia ya mchanga. Mimi nilishika kamba. Mama alivika kofia kwa mikono yake, akaikaza, akarudi nyuma kuitazama kama iko sawa.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeliona kosa. Kwetu sisi kofia juu ya mwanzi ni kaburi. Ukifika karibu nayo unashusha sauti na kuzunguka mbali. Lakini maji yalipojaa, mwanzi ulizama, na ukisimama kule juu wanakouza chai ulichokiona ni kofia nyeupe tu, katikati ya maji yaliyotulia. Ilikuwa kama nolia amesimama maji ya kifuani, anangoja wateja.

Siku ya nne, kina mama watano walielekea pale wameshikana mikono. Baba mdogo Yerrayya, ambaye kofia yake ni namba kumi na saba, alipuliza filimbi hadi macho yakamtoka.

"Mbona unatufukuza?" mmoja akamfokea. "Mwenzako kule anatuita, wewe huku unatupigia mafilimbi. Gombaneni nyinyi kwa nyinyi, sisi tunataka kuoga."

"Nani anawaita, mama?"

"Yule. Anapunga mkono."

Baba mdogo alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Siku ya sita wakaja wanafunzi watatu. Siku ya saba, mwanamume na mkewe. Hawakujuana, walitoka miji tofauti, wala hapana aliyewasimulia. Lakini wote walipotolewa walisema hivyohivyo, kwamba nolia wa pale kwenye maji matulivu alikuwa anapunga mkono. Nilikwenda nikasimama mahali waliposimama. Niliona kofia. Upepo ulikuwa unaigeuza taratibu juu ya mwanzi, namba ikawa inakuja na kuondoka, kama uso wa mtu anayetafuta mtu kwenye umati. Mkono sikuuona.

Jioni ile nilimwambia mama. Mimi si msemaji. Chuoni mwalimu alikuwa akinipa alama za kuandika na kuninyima za kuzungumza. Nilianza mara tatu.

"Mama, ile kofia. Watu wanaifuata."

"Waifuate. Si kofia nzuri?"

"Wanadhani ni nolia, mama. Wanaingia mlangoni."

Mama alikuwa anachambua dagaa. Bangili zake za kioo zilikuwa zinagongana mkononi, bado zote, nyekundu na kijani. Alikataa kuzivunja. Wanawake wa mtaa walikuja mara mbili kumkumbusha kwamba mjane havai bangili, naye aliwauliza mara mbili, mjane wa nani?

"Ukiing'oa," akasema bila kuinua uso, "baba yako atatokea wapi? Atapapasa ufuko mzima kama mlevi anayetafuta nyumba yake?"

"Mtu mwingine akifa je?"

"Yerrayya ana filimbi."

Nilikwenda kwa baba mdogo. Yeye naye aliangalia vidole vyake vya miguu. "Shemeji ameshasema," akaniambia. "Siku nne zimebaki, Ratnam. Nitakaa palepale. Nitakula palepale." Na kweli alikaa, siku ya nane kutwa, amechutama mchangani na filimbi mdomoni kama mtoto anayenyonya kidole.

Siku ya tisa upepo ukaja.

Redio ilisema kuna kimbunga mbali baharini, hakitatufikia, lakini mawimbi na upepo wake vitafika. Asubuhi watu wa serikali walisimika bendera nyekundu ufuko mzima na kutangaza kwamba haogi mtu. Kufikia saa sita mchana upepo ulikuwa umezichana bendera zote. Zilibaki fimbo zenye nyuzi. Mchanga ulikuwa unatambaa juu ya ardhi kama moshi, ukiuma vifundo vya miguu. Wanaume wote wa Gangapeta, manolia na wavuvi, waliitwa kuvuta mashua hadi nyuma ya mivinje, kwa sababu wimbi lilikuwa limeanza kuzifikia. Baba mdogo naye akaenda. Mashua ya ukoo ni moja.

Kwa hiyo mchana ule, ufuko mzima, kofia nyeupe ilikuwa moja tu.

Mama alinipa kamba ya makumbi. "Nenda ukaikaze. Upepo huu utaibeba."

"Mama..."

"Ratnam. Maji yamepwa sasa. Nenda, kaza, rudi. Usiingie zaidi ya goti."

Nilikwenda na kamba mkononi na sikujua nitafanya nini nayo. Njia nzima nilikuwa nasema maneno ambayo ningemwambia kama ningekuwa mtu mwingine. Kwamba nataka baba arudi kuliko anavyotaka yeye. Kwamba namuota kila siku, amesimama mlangoni kwetu, maji yanamchuruzika, anauliza kofia yake iko wapi, nami najua iko wapi na siwezi kumwambia.

Nilipotokeza kwenye mivinje niliona watu wawili pale ufukweni. Mmoja alikuwa kijana mnene kidogo, amevaa miwani, anaipangusa mchanga. Mwingine alikuwa bibi mfupi wa sari nyeupe, na chupa ndogo ya shaba mkononi. Walikuwa wanatazama kofia.

Nilisogea. Maneno niliyapanga kwanza, kama ninavyofanya kila ninapotakiwa kusema na mtu nisiyemjua.

"Kaka, samahani. Pale si pa kuogea."

"Nini?" Upepo uliyachukua maneno ukayatupa nyuma yangu.

"Pale si pa kuogea!"

"Mbona nolia yuko pale?"

"Si nolia. Ni kofia tu. Ni kofia ya baba yangu."

Kijana alicheka, si kwa ubaya. "Baba yako kavua kofia kaenda kunywa chai? Mjanja kweli. Kaacha kofia izuie wateja wasichukuliwe na wengine." Akamgeukia bibi. "Umeona, mama? Huku hata kofia zina zamu za kazi."

"Prodyot, acha utani, mtoto wa watu ataona aibu," bibi akasema. Kisha kwangu, "Binti, nimeweka nadhiri. Leo mwaka umetimia tangu mume wangu afariki. Nichovye mara tatu tu, nijaze chupa, niondoke. Baba yako atakuja sasa hivi?"

Neno moja lilitakiwa. Lilikuwa neno dogo. Siku tisa nyumbani kwetu hakuna aliyelitamka, na mimi nilikuwa nimezoea kulizunguka kama tulivyozoea kuizunguka ile kofia.

"Hayupo," nikasema.

"Basi tutamngoja," akasema Prodyot, akageuza mgongo kwa upepo, akainamia simu yake. "Treni yetu ni ya saa kumi na mbili."

Nilisimama pale nikiizungusha kamba vidoleni. Mawimbi yalikuwa yanavunjika pande zote mbili, marefu, meupe, na sauti yake ilikuwa kama magunia yanayomwagwa. Lakini ukiutazama mlango ulikuwa kimya. Nilikuwa sijawahi kuuona mpana vile. Maji yake yalikuwa yamelala, yana vikunjo vidogo tu juu, na povu chafu lilikuwa linaondoka ufukweni kuelekea nje, bila haraka, kama watu wanaotoka msibani. Katikati yake kofia ilikuwa imesimama. Upepo ule uliochana bendera ulikuwa hauigeuzi tena. Namba arobaini na moja ilikuwa imetuelekea sisi, ikatulia.

"Si huyo anaita," bibi akasema.

Nilidhani anamwambia mwanawe. Nilipogeuka, alikuwa ameshafika majini. Alikuwa anakwenda upesi, mkono mmoja umeinua sari, mwingine umeshika chupa, uso wake una tabasamu la mtu aliyepishwa kwenye foleni.

"Bibi! Bibi, rudi!"

"Ananiita yule, kijana mpole kweli," akasema bila kugeuka.

Hapo ndipo neno lilipotoka. Lilitoka kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Baba yangu amekufa pale! Amekufa! Hakuna mtu pale!"

Prodyot aliinua kichwa. Bibi naye aligeuka, magoti yake majini, akanitazama kwa huruma. Na maji yakamkata miguu.

Watu hawaamini nikiwaambia kwamba mlango hauvuti chini. Hauvuti. Unakubeba tu, kwa upole, uso juu, unakwenda nao huku ukiona ufuko unapungua. Niliona kichwa chake cheupe kinapita mwanzi. Chupa ya shaba ilimeta mara moja ikapotea. Prodyot alikuwa anavua viatu, anapiga kelele, na nilimwambia kitu ambacho baba alimwambia kila jamaa wa mtu aliyezama, "Wewe baki! Kimbia kwenye mivinje, ita wanaume! Wewe baki nchi kavu!" Kisha nikaingia.

Nilipofika kwenye mwanzi maji, yaliyopaswa kuwa gotini, yalikuwa kifuani na mchanga ulikuwa unakwisha chini ya miguu yangu. Niliushika mwanzi. Kofia ilikuwa juu yangu, karibu sana, na kivuli chake kilinifunika uso. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sikusikia upepo. Sikusikia mawimbi. Nilisikia fito za kofia zikilia kidogo, kama zinavyolia kofia ikivuliwa na mtu aliyechoka.

Bibi alikuwa hatua ishirini mbele, anapigapiga maji akikabiliana na ufuko, kama wanavyofanya wote hadi nguvu zinapokwisha. Nilijua kwamba kule nje hakuna atakayetuona. Kichwa cha mtu baharini siku ya upepo ni nazi tu. Nolia huonekana kwa kofia.

Nikaifungua. Fundo la mama lilikuwa gumu, nilitumia meno. Nikaivaa, nikaipitisha kamba kidevuni, na nikauachia mwanzi.

Nilimkuta bibi macho yamemtoka. Nilimzunguka nyuma, kwa maana anayezama usimpe shingo yako, nikamshika sari mgongoni kwa mikono yote miwili.

"Usigombane nayo, bibi. Lala. Lala kama kitandani."

"Nakufa, mwanangu."

"Hufi. Lala. Tazama mawingu."

Alilala. Nikaanza kupiga miguu, si kuelekea ufukweni. Upepo ulikuwa unakwenda kushoto, nikaenda kushoto nao. Baba alikuwa akisema, mwenye nyumba akitoka mlangoni kwa hasira humzuii, unampisha pembeni. Nilipiga miguu hadi mapaja yakawaka. Sijui ni muda gani. Kuna wakati nilihisi tumesimama palepale, na ufuko ulikuwa mstari tu, na nilifikiria mama anangoja kamba. Kisha maji yakabadilika. Yakawa ya baridi zaidi, yenye fujo, na wimbi la kwanza likatuvunjikia vichwani. Sijawahi kufurahia kitu kama nilivyolifurahia wimbi lile. Wimbi linakwenda nyumbani.

Walitupokea majini watu wanane na kamba. Baadaye baba mdogo alisimulia mtaa mzima jinsi ilivyokuwa. Walikuwa wanavuta mashua, Prodyot akatokea analia bila viatu, wakatazama baharini, wakaona kofia ya marehemu kaka yake inatembea juu ya maji, mbali na pale ilipofungwa. "Nusu yetu tulikimbilia baharini," alisema, "na nusu walikimbilia nyumbani kwao. Sitaki kutaja majina. Danayya anajijua."

Bibi alitapika, akakalishwa, akafunikwa shuka. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Niliapa kuchovya mara tatu. Hii inahesabiwa ngapi?"

"Hii ni ya kwako na ya ukoo wako wote, bibi," akasema baba mdogo. "Hata wajukuu wasije tena."

Kila mtu alicheka kuliko utani ule ulivyostahili. Mimi nilikuwa nimekaa na kofia kichwani, naogopa kuivua, kwa sababu nikiivua ningelazimika kuirudisha au kutoirudisha.

Sikuirudisha. Nilikwenda nayo nyumbani. Mama alikuwa kizingitini. Aliitazama kofia, akaniangalia uso, akaitazama tena kofia.

"Umemvua," akasema.

"Mama, kulikuwa na bibi..."

"Nimesikia. Umefanya vizuri kwa bibi." Akanipa kitambaa kikavu. "Sasa baba yako atajuaje?"

Hakusema nami tena siku ile, wala siku ya kumi. Alikuwa anapika, ananiwekea wali wa jana wenye maji na pilipili, anakaa mbali. Kofia ilikuwa pembeni, mdomo juu, kama chombo kinachongoja kujazwa. Upepo ulipiga kucha na kutwa. Sikujitetea. Kama angenipiga ningeona afadhali.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja bibi alikuja. Prodyot alikuwa amemshika mkono na mkono wa pili amebeba sahani ya vitamutamu na shuka ya kiume mpya, nyeupe, bado ina mikunjo ya dukani. Wanawake wa mtaa walikuwa wameshaketi uani, wamekuja kwa ajili ya bangili. Mama alikuwa ameficha mikono ndani ya sari.

"Hii ya binti," bibi akasema, akiniwekea vitamutamu mapajani. "Na hii nguo ni ya mwenzake. Jina lake sikulipata. Nilimuuliza Prodyot, anasema hakumwona."

"Mwenzangu nani, bibi?" nikauliza.

"Yule wa mbele. Wewe ulinishika sari nyuma, nakumbuka, uliniumiza kwapa. Yule mwingine alinishika mkono tukawa tunakwenda pembeni. Yule yule aliyekuwa ananiita. Mbona hakuwa na kofia tena?"

Nilisikia mchanga ukigonga bati. Mimi nilikuwa nyuma ya bibi yule muda wote, na nililala nikitazama mawingu sawa na yeye. Siwezi kusema niliona kitu. Siwezi pia kusema nilikuwa na nguvu ya kutosha miguuni.

Mama alisogea akachuchumaa mbele ya bibi. "Alikushika wapi?"

"Mkono."

"Mkono wapi? Vidole?"

"Hapa." Bibi alishika kifundo cha mkono wake.

Manolia wengi hushika vidole. Baba alisema vidole vinateleza.

Mama alikitazama kifundo kile. "Na alipokuita. Aliitaje? Nionyeshe."

Bibi aliinua mkono, kiganja chini, akaupunga. Mara ya kwanza kama mtu anayeita. Akasita, akakunja uso kama anayeangalia tena kitu kilicho mbali, akaupunga mara ya pili, polepole. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda mbele, vinatupa, vinatupa.

Mama alitoa sauti. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko, kicheko kilichobanwa siku kumi na moja.

"Huko si kuita," akasema. "Huko ni kufukuza. Hivyo ndivyo alivyokuwa anafukuza kuku jikoni kwangu. Miaka ishirini na sita namwambia, kuku hawaelewi hivyo, wanadhani unawapa punje!" Akajipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Maskini. Siku tisa anawafukuza watu, na mimi nimemvika kofia. Nani atamwamini nolia aliyevaa kofia?"

Akatoa mikono ndani ya sari, akaielekeza kwa wanawake. Walivunja bangili kwa jiwe la kusagia, moja moja, nyekundu na kijani. Mama hakufumba macho.

Ile shuka nyeupe aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka ndani ya kofia. Kisha akaenda kwenye sanduku lake la bati, akatoa sari yake ya harusi. Ni nyekundu, yenye pindo la dhahabu lililofifia, na mjane haivai tena. Hakuniambia kitu. Aliniashiria nichukue kamba.

Maji yalikuwa yamepwa na upepo ulikuwa umeanza kuchoka. Baba zangu wadogo walisimama kila upande wametushika kwa kamba viunoni. Mama aliingia hadi gotini, akaifunga sari kwenye mwanzi kwa mafundo matano, akiyavuta kwa meno kama nilivyofanya mimi. Hakuna kitambaa cha serikali kilichowahi kuwa chekundu vile. Mtu akiwa kule juu wanakouza chai angeiona. Angeiona hata mgeni aliyeshuka treni asubuhi ileile.

"Nani ataoga hapo sasa," akasema baba mdogo.

Tulirudi mchangani tukasimama. Kwenye mivinje matawi yaliacha kulia, na mchanga ukaacha kutambaa. Zile nyuzi za bendera za serikali zilining'inia kwenye fimbo zake, ufuko mzima. Upepo ulikuwa umekufa kabisa.

Sari ya mama iliinuka. Ilijikunjua yote, ikatupa pindo lake mbele, kuelekea kwetu, ikalishusha. Ikatupa tena.

Baba mdogo alirudi nyuma hatua moja. Mimi nilimshika mama kifundo cha mkono, pale ambapo bangili zilikuwa.

"Tumekuona, baba Ratnam," mama akasema, kwa sauti ya jikoni. "Tunaondoka. Tumekuona."